Maana ya Joto katika Habari za Wakilindi

Katika maandishi mengi ya Kiswahili ya siku hizi, hasa hotuba, barua rasmi na hadithi zilizotafsiriwa, neno joto limepewa kazi mpya. Wageni hupewa "makaribisho ya joto", watoto hulelewa katika "joto la upendo", na barua humalizwa kwa "salamu za joto". Wako wasomaji wanaoyapokea maneno haya bila kushtuka, na wako wanaoyakataa kwa kuwa yametoka Ulaya. Kuyakataa kwa sababu hiyo peke yake si hoja, kwani lugha iliyokwisha kupokea meza, shati na karani haina haja ya kuogopa mgeni mmoja zaidi. Swali linalomhusu mhakiki ni jingine: neno joto, likiisha kutolewa katika ngozi na kutiwa moyoni, humwambia nini msomaji aliyekulia chini ya jua la Korogwe au la Handeni?

Jibu la swali hilo halipatikani katika kamusi peke yake. Maana ya neno hukaa katika matumizi yake, na matumizi yaliyo bora huhifadhiwa katika vitabu. Kipo kitabu kimoja cha nathari ya Kiswahili ambacho habari zake zinaanzia katika nchi ya Handeni ya zamani, zinapanda milima ya Usambara, kisha zinateremka tena hadi bondeni katika nchi ya Korogwe. Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu aliyeishi karibu na watawala wa Kikilindi na kuyaona mengi kwa macho yake. Sehemu zake zilipigwa chapa na wamisionari wa Magila kati ya 1895 na 1907, na mwaka 1962 kitabu kizima kikatolewa upya na East African Literature Bureau chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Wengi wamekisoma kwa ajili ya historia. Wachache wamekisoma kama kazi ya fasihi, na wachache zaidi wamejiuliza jinsi mwandishi alivyoeleza mapenzi, huruma na uadui bila ya kuyapamba maneno yake.

Kabla ya kukifungua kitabu chenyewe, yafaa kuangalia maneno ambayo mwandishi aliyakuta katika lugha. Katika Kiswahili moto ukimwingia mtu, mara nyingi humwingia kwa shari. Mwenye hasira huchemka. Ugomvi ukizidi husemwa kwamba umepamba moto. Anayetishiwa huambiwa kwamba atakiona cha moto. Kijana asiyejizuia ana damu moto. Hari na fukuto ni maneno ya taabu. Kwa upande wa pili, heri nyingi hukaa katika ubaridi. Mgonjwa akipata nafuu amepoa. Magomvi hupozwa. Aliyefikwa na msiba huambiwa pole, na neno hilo lina undugu na kupoa, kana kwamba msemaji anamtakia mwenzake moyo wake upate kupungua ukali wa moto ulioushika. Kuburudika ni kufurahi, na burudani imetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililozaa baridi. Waarabu nao humwita mtoto mpenzi ubaridi wa jicho, na maana hiyo imepenya katika Kiswahili cha dini. Hata vijana wa leo wakiulizwa hali zao hujibu "poa". Huenda jibu hilo limesaidiwa na lugha ya kigeni, lakini halikupata shida kukaa, maana lilikuta kiti kimekwisha tandikwa.

Mtu angeweza basi kukata shauri upesi kwamba Ulaya, yenye majira ya theluji, imeyapa mapenzi jina la joto, na Afrika ya Mashariki, yenye jua kali, imeyapa jina la ubaridi. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Ubaridi nao una aibu zake katika Kiswahili. Biashara baridi haina faida, mapokezi baridi humvunja mgeni moyo, na aliyepooza ni mtu ambaye kupoa kumempita kiasi. Tena yako matendo ya joto ambayo hakuna ayasemaye vibaya. Kuku huatamia mayai, na bila ya joto la kifua chake hakuna kifaranga. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wenye pilipili manga. Mtoto mchanga huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu na kubebwa mgongoni kwa mbeleko. Katika matanga watu hukesha nje wakiota moto mmoja, na kukaa kule ndiko rambirambi zenyewe. Wakati wa kipupwe, anayepita jioni hukaribishwa aote moto kabla ya kuulizwa shida iliyomleta.

Tofauti haiko basi kati ya moto mbaya na baridi njema. Iko katika mambo mawili: kipimo, na njia ambayo joto lafika kwa mtu. Moto usiopimwa huunguza, na joto lisilotolewa na mtu kumpa mtu mwingine ni hali ya hewa tu. Ndiyo sababu Kiswahili hakikulitukuza sana jina joto, bali kimeweka huruma yake katika vitendo: kukanda, kuatamia, kukumbatia, kupasha. Hiki cha mwisho kinastahili kutazamwa zaidi. Kupasha ni kufanya mtu au kitu kipate; hupashwa moto chakula kilichopoa, na hupashwa habari mtu asiyejua. Kwa kitenzi hiki moto na habari ni vitu vya namna moja, vyote vyatoka kwa mwenye navyo kwenda kwa asiye navyo. Mwandishi aliyekiita kitabu chake Habari za Wakilindi alikuwa, kwa lugha yake mwenyewe, anawapasha watu.

Kitabu kinaanza na mtoto aliyenyimwa joto la ukoo wake. Mbega alizaliwa katika nchi ya Unguu, upande ambao kwa miaka mingi ulikuwa sehemu ya wilaya ya Handeni mpaka Kilindi ilipofanywa wilaya peke yake mwaka 2002. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, akahesabiwa kuwa kigego. Kwa mila ya wakati ule kigego aliogopwa kuwa ataleta mauti nyumbani, na hakuachwa kuishi. Wazazi wake hawakumwua. Walipokufa, jamaa walimnyima urithi kwa sababu ile ile ya meno yake. Mbega akawa mwindaji wa nguruwe, akitembea na mbwa wake. Akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa Kilindi, lakini kijana huyo aliuawa na nguruwe walipokuwa wakiwinda pamoja, naye Mbega na wenziwe ikawabidi kukimbia.

Mwandishi wa siku hizi angepewa habari hizi angeandika kurasa nzima za machozi. Abdallah bin Hemedi hafanyi hivyo. Husimulia kwa matendo na kwa maneno ya watu wenyewe, wakisemezana na kujibizana, na humwachia msomaji kazi ya kuhisi. Wazazi walimwacha hai mtoto ambaye desturi ilitaka afe. Basi, hayo ndiyo mapenzi yao, na hayahitaji sifa nyingine. Jamaa walikataa kumgawia mali. Basi, huo ndio ubaridi wao. Hapa msomaji hupata fundisho la kwanza la kihakiki: katika nathari hii hisia hupimwa kwa kitu kilichotolewa au kilichonyimwa. Kupenda ni kutoa uhai, urithi, nyama au binti. Kuchukia ni kuvizuia.

Mbega alipofika katika milima ya Usambara hakuwa na ukoo wala shamba. Alikuwa na nyama. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia Wasambaa nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Akaamua magomvi yao. Watu wa Bumbuli wakampenda, wa Vuga nao wakamtaka, wakampa mke na nyumba, mwisho wakamfanya mkubwa wao. Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilichotoka mwaka 1974, ameonyesha jinsi simulizi hii inavyosimama juu ya tofauti za mwitu na nyumba, nyama na vyakula vya shamba, nyika na mlima. Wasambaa waliitazama nyika ya chini kuwa nchi ya homa na hatari, na mlima kuwa nchi ya makazi. Katika mpango huo Mbega ni mtu wa nyika ya joto anayepanda kwenye ubaridi wa mlima, na kwa kupanda huko anageuka kutoka mwindaji kuwa mwamuzi.

Mageuzi haya ndiyo kiini cha sehemu ya kwanza. Yule aliyeua nguruwe kwa mkuki sasa hupoza mashauri kwa ulimi. Hakuacha moto wake nyikani. Aliupanda nao mlimani, ila ulipata kipimo. Nyama yake ilifika kwa watu ikiwa imegawanywa, na ukali wake ukawa ulinzi. Ndivyo Wasambaa walivyomtazama mfalme mwema hata baadaye: mtu wa kuleta mvua na kuiponya nchi, kinyume cha yule anayeiharibu kwa kushindana na wenziwe. Mvua hupoza ardhi na kuijaza chakula. Mtawala aliyesifiwa kwa mvua amesifiwa kwa kupoza, wala hakuna aliyedhani kwamba kwa hiyo hana mapenzi kwa watu wake.

Hata hivyo mhakiki asidanganywe na utamu wa simulizi. Abdallah bin Hemedi alikuwa mtu wa karibu wa Wakilindi, na habari za mwanzo wa enzi yao aliziandika kama wao walivyopenda zikumbukwe. Nyama iliyotolewa bure siku ya kwanza haikubaki bure. Waliokula mkononi mwa Mbega walijikuta watoto wao na wajukuu wao wakipeleka kodi Vuga. Joto lililopashwa humfunga anayepashwa, naye aliyeota moto wa mwenziwe jioni hulazimika kuchukua kuni asubuhi. Kitabu hakisemi neno hili waziwazi, lakini mpango wake unalisema. Msomaji akiyaweka pamoja mambo ya mwanzo na ya mwisho ataona kwamba huruma ya Mbega ndiyo mbegu ya madai ya wajukuu zake. Kwa hiyo hata tendo la huruma lataka kuulizwa: limetolewa kwa kipimo gani, na kwa haki gani litadaiwa?

Swali hilo lajibiwa kwa uchungu katika sehemu za mwisho. Kimweri ya Nyumbai alitawala Vuga kwa miaka mingi, na enzi yake ilienea mlimani na bondeni hadi karibu na pwani. Alikufa katika miaka ya mwanzo ya 1860. Mwanawe mmoja, Semboja, hakukaa mlimani. Alikaa Mazinde, bondeni, katika nchi iliyo leo ndani ya wilaya ya Korogwe, mahali ambapo misafara ya biashara ilipita chini ya ukuta wa milima. Huko alipata bunduki, nguo na washirika. Akampiga mpwawe Shekulwavu aliyekuwa amekalia kiti cha Vuga, akamwondoa, na mwanawe mwenyewe akawekwa juu ya kiti hicho hali nguvu zenyewe zikibaki Mazinde. Upande wa mashariki watu wakawaasi Wakilindi katika maasi yajulikanayo kwa jina la Kiva. Watu waliuzwa utumwani, na nchi iliyokuwa ikihukumiwa kwa maneno ikahukumiwa kwa baruti.

Safari ya Semboja ni safari ya Mbega iliyogeuzwa. Babu alitoka nyika akapanda mlima akawa mwamuzi; mjukuu alitoka mlimani akateremka nyikani akawa mtu wa vita. Babu alitoa nyama akapata watu. Mjukuu alitoa watu akapata bunduki. Haielekei kwamba mwandishi alikusudia kuweka mizani hii kama msanii aliyepanga beti zake. Alifuata mambo kama yalivyotokea. Lakini nathari njema huweza kuchukua sura kutoka kwa nchi yenyewe, na nchi hii ina sura ambayo kila aliyesafiri kutoka Korogwe kwenda Lushoto anaijua: bondeni jua na vumbi, kisha barabara hupinda na kupanda kutoka Mombo, na kabla ya saa moja kwisha msafiri anatafuta koti. Mwandishi aliyeishi katika nchi ya namna hiyo hana haja ya kubuni mfano wa joto na baridi.

Hapa yafaa kujibu pingamizi moja. Yawezekana kusema kwamba usomaji huu unaonea bonde na kusifu mlima, kana kwamba watu wa Handeni na Korogwe ni watu wa shari kwa sababu ya hali ya hewa yao. Hilo lingekuwa kosa, na kitabu chenyewe kinalikanusha. Uadui wa kwanza uliompata Mbega ulikuwa wa ukoo, haukuwa wa jua. Na mvutano ulioiangamiza Vuga ulizaliwa ndani ya nyumba ya kifalme iliyokaa kwenye ukungu. Nyika ndiyo iliyomlea mwindaji aliyewashibisha watu wa mlima. Wala hakuna haja ya kurudi karne ya kumi na tisa ili kupata ushahidi wa ukarimu wa nchi ya Wazigua.

Katika karne hiyo hiyo ya kumi na tisa Wazigua wengi waliondoka kwao kwa njaa na utumwa, wakafikishwa pwani ya Somalia, na wazao wao wakakaa katika bonde la mto Juba wakiishika lugha ya Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwatawanya. Baadhi yao walivuka bahari wakafika Tanzania, wakapokewa Handeni, kwanza kambini Mkuyu, na kutoka mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, katika wilaya hiyo hiyo. Baadaye wengi wao walipewa uraia. Walirudi katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona, lakini waliposema, lugha yao iliwatambulisha. Je, waandishi waliite jambo hili "makaribisho ya joto"? Maneno hayo hayakosei, lakini hayatoshi. Kilichotolewa Chogo kilikuwa ardhi ya kulima na jina katika daftari la raia. Abdallah bin Hemedi angekitaja kitu, angemtaja aliyetoa na aliyepokea, na angenyamaza. Na katika kunyamaza kule msomaji angeuona ukubwa wa jambo kuliko katika sifa kumi.

Fundisho hili lawahusu hasa wafasiri na waandishi vijana. Kiswahili hakikosi jina kwa hali ya moyo uliofunguka. Kina ukunjufu, neno lililotoka katika kukunjua, ambalo humwonyesha mtu kama mkeka uliofunguliwa ili mgeni akae. Kina bashasha kwa uso, uchangamfu kwa mazungumzo, upole kwa tabia, na maliwazo kwa mwenye huzuni. Mfasiri anayeyaruka yote haya na kushika joto peke yake amechukua neno moja pana mahali pa maneno matano yaliyo dhahiri. Tena huweza kuleta maana asiyoitaka. Mkutano wenye joto, kwa sikio la wengi, ni mkutano wa mabishano. Na nyumba yenye joto katika mwezi wa Februari bondeni Korogwe ni nyumba ambayo watu wake wamekwenda kukaa chini ya mwembe.

Haimaanishi kwamba joto lifungiwe mlango wa fasihi. Mshairi au mwandishi wa hadithi ana ruhusa ya kulitumia kwa mapenzi, ikiwa ataliweka mahali ambapo mwili wa msomaji utalikubali: katika kipupwe, katika homa ya mtoto aliyelazwa kifuani, katika mikono ya mkunga inayokanda, katika usiku wa matanga. Huko joto la mwili na la moyo si vitu viwili ambavyo kimoja ni sura ya kingine. Ni tendo moja. Mama anayembeba mtoto wake kwa mbeleko hampi kwanza joto na baadaye mapenzi. Mwandishi akilionyesha tendo hilo vizuri, hatakuwa na haja ya kulifasiri.

Kwa kipimo hicho Habari za Wakilindi kinasimama juu ya vitabu vingi vilivyokuja baada yake. Kina kasoro zake: majina ni mengi, habari hurudiwa, na mwandishi huegemea upande wa mabwana zake. Lakini kila mara moyo wa mtu unapohusika, kitabu huonyesha mkono wake umeshika nini na umempa nani. Mwanafunzi anayetaka kujua Kiswahili husemaje juu ya huruma, na anayetaka kujua huruma hugeukaje kuwa utawala, aanze na yule kigego wa Unguu ambaye wazazi wake hawakumtupa. Kisha awafuate wazao wake mpaka Mazinde, aone ni nani waliolipa gharama ya moto uliokosa kipimo.